Shaba ya Morotai Mapajani mwa Bu Wuryani

Kwa miaka ishirini na miwili duka langu la saa za kale lilitazamana na la Bu Wuryani (kwetu Bu ni Mama, na Pak ni Bwana), katika soko la vitu vya zamani hapa Surabaya, Indonesia. Yeye aliuza kengele, mizani, sinia na vyombo vya tambuu, akivifunga kwenye masanduku kwenda Uholanzi na Japani. Alijua umri wa shaba kwa kuigonga tu kwa ukucha.

Jumanne moja asubuhi alipokea gunia kutoka Morotai, kisiwa ambacho vita vya Wajapani na Wamarekani vilikiachia vyuma kila kichaka. Ndani mlikuwa na maganda matatu matupu ya risasi za mizinga, yale ambayo wazungu hutilia maua, na kitu cha nne, kizito, kimegandwa na matumbawe. Alikipakata, akakisugua kwa ukwaju karibu saa nzima. Matumbawe yalipogoma, akachukua nyundo ndogo.

Alipomaliza alikipiga picha, akamtumia mteja wake wa Uholanzi, Bwana Joost. Simu ikalia papo hapo.

"Bu, hicho kitu kiko wapi sasa hivi?"

"Mapajani mwangu. Kizuri, eh?"

Mzungu alikuwa ameona alama za nyundo pichani. "Usikigonge tena. Si ganda hilo, Bu. Ni kombora zima, na kichwa chake kipo. Liweke juu ya gunia, taratibu, utoe watu."

Bu Wuryani aliniambia baadaye kwamba mikono ilikataa kuliachia. Alihesabu pumzi, akalilaza. Alipovuka kuja kwangu uso ulikuwa umemparara.

"Pak Sutikno, toka. Kule ndani kuna bomu."

Nikacheka. "Bomu, au kuna mteja mnono hutaki tumwone?"

Muuza lontong, ile mikate ya wali, akadakia, "Mwezi jana ulituambia umeona nyoka, Bu! Ulikuwa mkanda!"

Hakubishana. Alikwenda duka kwa duka akisema maneno yaleyale, sauti ikikwaruza, na nyuma yake mlango wa duka ukabaki wazi. Mama huyo alikuwa akifunga kufuli hata akienda msalani. Nilipoona mlango ule, niliacha saa niliyoshika, nikatoka. Tukakimbia wote.

Kwenye geti la soko akanishika shati. "Mama yuko juu."

Mama yake, Mbah Kasmi, yaani Bibi Kasmi, aliishi darini juu ya duka; hakuwa na nguvu za miguu, na ngazi ya dari iliishia hatua moja tu kutoka kwenye gunia. Nikamwambia, "Ngoja polisi, wanakuja." Sikusema kwamba nitakwenda mimi. Akanitazama, akavua viatu, akarudi.

Kutoka getini nilimsikia bibi akigomba. "Unanibeba kama mchele? Chai yangu sijamaliza!"

"Mama, nyamaza! Nakuomba, nyamaza!"

Hakuwahi kumpandishia mama yake sauti. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona akishuka amembeba mgongoni, akipapasa kila kipago kwa kidole cha mguu. Chini kabisa fimbo ya bibi ikakwaa rundo la sinia. Moja ikaanguka, ikabingirika sakafuni ikilia, ikazunguka, ikazunguka. Nilijitupa chini nikiziba masikio. Bu Wuryani aligeuka jiwe, mkojo ukimchuruzika, wala hajali. Sinia ikatulia. Akatoka.

Askari wa mabomu walilichukua kombora ndani ya ndoo ya mchanga, wakaenda kulilipua kwenye uwanja mtupu nje ya mji. Mkubwa wao aliuliza nani aliligonga kwa nyundo. Bu Wuryani aliponyoosha mkono, askari yule akatikisa kichwa, akaondoka.

Alasiri hiyo Bu Wuryani alimpigia simu mzee aliyemtumia gunia.

"Pak Hobata, umebakiwa na mengine kama lile zito?"

"Mawili tu, Dada. Yanazuia mlango usibamizwe na upepo. Unayataka?"

Alipiga kelele iliyotuinua wote vitini. Hakukata simu mpaka akasikia wajukuu wa mzee wamefika barabarani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaja jina lake. Baada ya siku mbili wanajeshi wakayachukua.

Alifunga duka mwezi mzima. Sasa anauza tena, lakini kengele na sinia tu, na chombo kikidondoka popote sokoni huacha alichoshika akakimbilia mlangoni. Hapo hatumcheki. Mimi huangalia chini, maana siku ile nilibaki getini, na yeye hajawahi kunikumbusha.