Sauti ya Gari la Abdinur

Esekon ni fundi wa magari hapa Isiolo, na ukimpelekea gari ukiwa na haraka utazeeka umesimama. Kwanza atafumba macho alisikilize. Mimi jirani yake nimeshamwambia gari si mgonjwa wa mganga, lakini wapi! Anasema upepo una mahali pake na joto lina pake, kazi yake ni kuvitenganisha tu.

Abdinur alimletea Subaru yake ya turbo, anayoendesha njia ya Merti. Filta ya hewa ilikuwa wazi kando ya injini, ikivuta hewa ya moto na kupiga mluzi mtaa mzima. Jua likichoma, gari linakosa nguvu. Esekon alikata bati, akaunda kisanduku cha kuikinga filta na joto, akakiziba kwa mpira wa tyubu kuukuu. Kisha akapitisha paipu ndani ya fenda, juu, mbali na vumbi la magurudumu. Mchana ulikuwa mzito, hata kuku wamelala, naye anakaza klipu polepole kama anayemfunga mtoto kitambaa. Alipowasha, gari lilivuta pumzi moja ndefu, ya baridi, likatulia. Niliona raha, nami gari si langu.

Kesho yake Abdinur alirudi amenuna.

"Esekon, toa hiyo kitu. Unajua hooyo, mama yangu, haoni. Huwa anasikia gari yangu ikiwa mbali, anakuja kusimama mlangoni kunipokea. Jana nimeingia mpaka ndani, mama yangu mzazi ananiuliza, wewe ni nani?"

Esekon amekulia kwa mifugo, anajua kengele ya ngamia wa mtu haivuliwi kabla mwenyewe hajaambiwa. Aibu ilimshika. Alichukua spana, lakini hakufungua boneti.

"Mlete mama kwanza," akasema.

Mama Habsa alikuja ameshikwa mkono na mwanawe.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Ni wewe ulivua ngamia yangu kengele?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Sikiza kidogo, ukikataa narudisha ile sauti ya zamani."

Akawasha, akakiweka kiganja cha mama juu ya fenda. Mama aliinamisha kichwa. Sote tukasikiliza naye, mpaka ikawa kana kwamba Isiolo nzima imesinzia, soko na barabara, imebaki hewa ile tu ikiingia taratibu. Abdinur alimtazama mama yake usoni. Nilijua anachoogopa: kwamba atakuwa mgeni nyumbani kwao.

"Abdinur," mama akasema, "unajua kwa nini nilikuwa nasimama mlangoni?"

"Kunikaribisha, hooyo."

"Hapana. Ile gari ilikuwa inalia. Kila siku nilisimama nikidhani leo imekuleta umeumia." Akapapasa fenda polepole. "Acha hii hii. Hii nitaisikia nikiwa nimekaa."