Mdogo wangu alifeli biokemia kwenye mtihani wa leseni ya udaktari, tukavipima vitabu vyake kama magunia ya korosho

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wengine habari za kazi.

Miaka mingi huwa naingia humu, nasoma na kutoka kimya. Leo naandika kwa sababu nimeona kijana ameuliza asome kitabu gani cha biokemia kwa ajili ya mtihani wa leseni, na tayari ametajiwa vitabu kumi na tisa. Hali hiyo naijua. Nitaieleza kama ilivyokuwa, hata pale nilipofanya ujinga.

Kwanza mnijue. Niliishia kidato cha pili. Alifariki mama, kisha baba, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa nikabaki na wadogo wawili, Asha na Zuhura. Kwetu ni Mtua, Nachingwea. Nalima korosho na ufuta, na msimu ukifika chama chetu cha msingi hunipa kazi ya kupima ubora ghalani.

Biokemia siijui. Hilo likae wazi kabla madaktari hamjaanza kunicheka.

Zuhura ndiye mdogo wetu wa mwisho. Alimaliza udaktari, akafanya mtihani wa leseni, ambao bila kuufaulu husajiliwi. Akafeli. Masomo mengine alikuwa vizuri, biokemia ikamvuta chini. Akarudi nyumbani kujiandaa kurudia.

Wiki ya kwanza, tukiwa tunapukuchua karanga, akaniambia, "Kaka, ikinishinda na hii, naacha. Utanisaidia nifungue genge."

Yule mtoto nilimsomesha kwa jembe. Genge si kitu kibaya, ila hakuwa amelitaka yeye.

Nikajiuliza nimsaidie nini. Asha ameolewa Nambilanje, upande wa Ruangwa. Akanipigia kwamba Ruangwa mjini kuna mzee, tabibu mstaafu, mwenye kitabu kikubwa sana cha biokemia. Kesho yake nikawasha pikipiki.

Mzee alinipokea vizuri. Kitabu kilikuwa kizito kama tofali la kuchoma. "Akisoma hiki, mwanangu, hakuna swali litakalomshinda," akasema. "Ila mnirudishie."

Nikakifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, nikaendesha taratibu kama nimebeba mgonjwa. Zuhura akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaingia ndani.

Nikamsikia analia. Wakuu, hakikuwa kilio cha furaha.

Asha ndiye aliyenisema kwenye simu. "Kaka, mtu amezidiwa na mzigo, na wewe unamwongezea tofali?"

Ndipo nikaangalia alichokuwa nacho. Vitabu sita mezani. Flashi imejaa PDF. Video kwenye simu. Magroup matatu ya Telegram, na kila siku mtu anasema "achaneni na kile, someni hiki." Naye anaacha, anaanza upya.

Vitabu vikiwa vimefungwa, kurasa zilizoshikwa sana huonekana kwa uchafu wa pembeni. Vyote sita vilikuwa vimechafuka mwanzoni tu. Katikati kweupe. Daktari wetu alikuwa amesoma sura ya kwanza mara sita!

Hapo nikakumbuka kazi yangu.

Kwa wasiojua, ghalani hatupimi gunia kwa kuangalia juu. Juu kila mtu anaweka korosho nzuri. Tuna bambo, chuma chenye ncha na tundu, unachoma ubavuni mwa gunia na kinatoka na za katikati. Kisha zile unazikata kwa kisu, maana ganda zuri linaweza kuficha punje iliyooza.

Nikamwambia, "Zuhura, tuvichome bambo hivi."

"Kaka, hivi ni vitabu."

"Na mimi sikusema ni mihogo. Chagua mada moja inayokutesa, ya katikati."

Akachagua habari ya kimeng'enya fulani cha chembe nyekundu za damu. Kanuni ikawa hivi: kila kitabu nusu saa kwenye mada hiyohiyo, unakifunga, unanieleza mimi.

"Hutaelewa, kaka."

"Nisipoelewa tutajua tatizo ni mimi au ni kitabu."

Tukaanza na kile cha Ruangwa. Akanitajia majina marefu mpaka kuku wakaondoka.

"Umeelewa?"

"Nimesoma."

"Sijauliza hivyo."

Kikafuata kijitabu chembamba cha marudio, alichokuwa anakidharau. Chenyewe kilianza na mgonjwa: mtoto kapewa dawa fulani ya malaria, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Zuhura akanieleza kwamba chembe zina kinga yake, kimeng'enya kile husaidia kuitengeneza, na asiyekuwa nacho cha kutosha, dawa ile inaweza kuzipasua chembe zake. Nikamrudishia maelezo yale kwa maneno yangu. Akanitazama kama ameona mbuzi anasoma.

Kisha kisu: maswali ya mada ileile, bila kufungua kitabu.

Kazi ilichukua siku nne. Vilibaki vitu vitatu. Kile kijitabu, mkusanyiko mmoja wa maswali, na madaftari yake mwenyewe ya chuo, yale aliyokuwa anayaonea aibu kwa sababu yameandikwa kwa mkono. Magroup akatoka yote, akabaki na rafiki mmoja wa kuulizana maswali kwa simu.

Vingine vyote tukavitia kwenye gunia. Kile cha Ruangwa akakishika, akawa ananiangalia usoni.

"Kimefeli?" nikamuuliza.

"Kimefeli, kaka. Labda siku nyingine. Kwa sasa kimefeli."

Nikakitia mwenyewe na kushona mdomo wa gunia kwa mkono wangu. Iliniuma, sidanganyi.

Baada ya hapo alirudia vitu vilevile vitatu mpaka madaftari yakalegea. Siku ya majibu nilikuwa ghalani, bambo mkononi. Simu ikaita. "Kaka, nimepita. Na biokemia nimepita." Nikakaa juu ya magunia. Karani akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Nikafumua gunia, nikarudisha kitabu Ruangwa. Nikamweleza mzee ukweli wote, nikijua atakasirika. Akakifungua, akatoa kadi ya kliniki iliyopauka kutoka ukurasa wa thelathini na mbili.

"Unaiona hii? Hapa ndipo nilipoishia, nikiwa kijana sana. Mwambie daktari wako tuko pamoja."

Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyekwama hakosi vitabu kila mara. Mara nyingine anakosa mtu wa kukaa naye na kumwambia vinatosha. Hiyo kazi hata wa kidato cha pili anaiweza.

Madaktari, nirekebisheni pale nilipokosea kwenye habari za damu. Na mnaompendekezea kijana wetu vitabu hapa chini, naomba kila mmoja aseme na yeye aliishia ukurasa wa ngapi.