Mtera Haijahama

Siku moja ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu, niliamka alfajiri, nikatoka uani, nikakuta kigoda kitupu. Ufunguo wa lori haukuwapo.

Kwako hilo ni jambo dogo, maana funguo zako unazitupa popote kisha unaisumbua nyumba nzima kuzitafuta. Ngoja nikueleze. Nilikuwa nimeolewa hapa mtaani Kikuyu, kwa Mzee Elia, baba yake Stefano wangu. Kwa desturi yetu ya wakati ule, baba mkwe na mkamwana wake hawakupeana kitu mkono kwa mkono, wala hawakusemeshana ana kwa ana. Ilikuwa heshima, si uadui. Kwa hiyo kila alfajiri mzee alitoka, akaweka ufunguo juu ya kigoda, akaenda zake. Mimi nikaja nyuma yake nikauchukua. Kigoda kikiwa kitupu, maana yake ni moja tu: leo huendi popote.

Stefano ndiye aliyekuwa dereva wa lori lile, mpaka macho yakaanza kumsumbua. Wakaajiri dereva, akawa mlevi. Wakaajiri wa pili, naye hakuwa afadhali kuliko wa kwanza. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuendesha na baba yangu mzazi, dereva wa trekta, na kila mtu pale nyumbani alijua, lakini hakuna aliyetaka kulisema. Mama mkwe ndiye aliyelisema. "Mnatafuta nini mbali," akawauliza, "na dereva yuko jikoni anawasongea ugali?" Basi nikashika usukani. Nilikwenda vijiji vya upande wa Mtera, kule bwawani, nikarudi na samaki na magunia ya uwele, na lori hilo moja ndilo lililotulisha sote. Barabarani watu walisimama kunishangaa. Wengine walinicheka. Niliwapigia honi nikapita. Nilikuwa dereva mzuri, mwanangu, na nalisema hivyo hivyo bila kuona haya.

Sasa, njia ya vijijini ilikuwa na makorongo ya mchanga, na lori lilikuwa likizama kila mara. Mzee Elia akanunua matairi makubwa kuliko yale ya mwanzo. Loo, nilivyoyapenda! Lori liliinuka, nikawa naona mpaka nyuma ya nyua za watu. Jana uliponiletea gari lako na matairi yako mapya, ukalizunguka huku mikono umeiweka kiunoni, nilicheka peke yangu kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo ya matairi, shemeji yangu Yona alikuwa nyuma yangu na pikapu yake, tunatoka Chamwino kurudi mjini. Alipofika nyumbani akamwambia baba yake kwamba mkamwana wake anakimbiza gari vibaya, kwamba yeye Yona alifika themanini na bado hakunikamata. Siwezi kusema Yona alikuwa mtu mbaya. Usukani ule aliutamani, hilo tulilijua, lakini alichokisema ndicho alichokiona. Ndiyo maana asubuhi ile kigoda kilikuwa kitupu.

Tukakaa uani. Mzee Elia kwenye kiti chake, mama mkwe katikati, mimi kwenye mkeka nikiwa nimeelekea pembeni. Yona na Stefano walikuwa wamesimama ukutani. Tulikuwa karibu kiasi kwamba mzee akikohoa namsikia anavyovuta pumzi.

"Mwambie mkamwana wako lori si la mashindano," akasema mzee.

Mama mkwe akanigeukia. "Baba anasema lori si la mashindano."

"Nimesikia, mama. Mwambie baba mshale wa spidi haukuvuka sabini."

"Anasema mshale haukuvuka sabini."

"Kwa hiyo Yona ni mwongo?"

"Baba anauliza, kwa hiyo Yona ni mwongo?"

Nilikuwa na hasira, mwanangu. Nilitaka kusimama nipige kelele mpaka majirani waje. Ingekuwa siku hizi ningezipiga. Lakini kwa kuwa kila neno langu lilipaswa kupita kwa mama, nililazimika kulitafuta vizuri kabla sijalitoa, na hapo ndipo nikakumbuka jambo lililokuwa limenikaa kichwani siku kadhaa.

"Mama," nikasema, "muulize baba, kutoka hapa mpaka Mtera ni kilomita ngapi?"

Mzee hakusubiri aulizwe. Akaitaja hesabu ya kilomita aliyoizoea, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jina la mtoto wake.

"Basi mwambie kwamba tangu tufunge matairi haya, lori linasoma kilomita pungufu. Kwenda pungufu, kurudi pungufu. Na Mtera haijahama."

Mama mkwe alisahau kulipeleka neno. Nikaendelea kumwelezea yeye huku nikijua nani anasikiliza. Spidomita haioni barabara, nikasema, inahesabu tu mizunguko ya gurudumu. Tairi kubwa likizunguka mara moja linameza njia ndefu kuliko tairi dogo, lakini kule ndani bado wanahesabu kama tairi ni lile la zamani. Mshale unasema sabini, lori liko themanini. Yona hakusema uongo, na mimi sikusema uongo. "Naomba nipimwe," nikamalizia. "Nikionekana mwongo, nitarudi jikoni na sitausogelea usukani tena."

Stefano aligutuka pale ukutani. Alijua kama mimi tulichokuwa tunakiweka rehani: chakula cha nyumba nzima, na jina langu.

Mzee Elia akasimama, akaenda chumbani, akarudi na saa yake ya mkono na kofia yake. Tukapanda lori. Baba mkwe na mkamwana kwenye kiti kimoja! Mama mkwe ilibidi aketi katikati yetu, kapu lake mapajani, analalamika kwamba gia inamgonga goti. Tukaingia barabara ya lami ya kwenda Chamwino, ile yenye mawe ya kilomita kandokando. Baba yangu alinifundisha hesabu yake zamani: ukiwa kwenye sitini, kutoka jiwe hadi jiwe ni dakika moja kamili. Nikaupeleka mshale kwenye sitini nikaushikilia hapo.

"Baba anasema usitikisike," akasema mama.

"Mwambie sitikisiki."

Jiwe likapita, mzee akaikazia macho saa yake. Jiwe la pili likaja, na dakika haijatimia. Akageuza saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Jiwe jingine, dakika haijatimia tena. Ndipo mzee wangu akasahau kila kitu. "Mkamwana!" akanipigia kelele moja kwa moja mimi, mkono wake umepita juu ya kapu unaonyesha dashibodi. "Shikilia hapo hapo! Lingine linakuja!"

Mama mkwe alicheka mpaka machozi. "Haya, semezaneni," akasema, "mimi nipumzike." Mzee akaona aibu, akageukia dirishani, lakini niliona shavu lake likicheka pia.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja gereji. Fundi akaingia chini ya lori, akafungua pale waya wa spidomita unapoingia kwenye giaboksi, akatoa gia ndogo iliyokuwapo na kutia nyingine yenye meno machache, ili mshale uendane na miguu mipya ya lori. Tukarudi barabarani. Safari hii jiwe na dakika vilifika pamoja. Nilifurahi, mwanangu.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa utosini na watu wa nyumbani wote walikuwa nje wakisubiri. Mzee Elia akamwita Yona asogee. Akavua kofia. Hakupitisha maneno kwa mama, wala hakuniangalia mimi, alisema kwa watu wote: "Asubuhi nimemhukumu dereva wangu kabla ya kukipima kipimo. Nimekosa. Yona, ulichoona ni kweli. Na huyu, alichosema ni kweli." Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa shati lake, akauweka juu ya kigoda mchana kweupe, na akabaki amesimama mpaka nilipouchukua. Mama mkwe alipiga vigelegele peke yake, na mtaa mzima ukatoka kuuliza kuna nini.

Nimeendesha lori miaka mingi baada ya hapo. Nimesifiwa na watu ambao hata majina yao siyajui. Lakini fahari yangu iko pale kwenye kigoda, kwa sababu mzee mwenye lori, mwenye nyumba, mwenye neno la mwisho, alivua kofia kwa ajili ya ukweli wa binti wa watu. Watoto niliowalea niliwalea nikimkumbuka yeye.

Sasa nisikilize. Ukibadilisha matairi, usianze safari kabla hujapima kile unachokisoma. Siku hizi sijui mafundi wanachomeka kompyuta, sawa, wachomeke, lakini nawe toka barabarani na saa yako uhakikishe. Hiyo ni kwa gari. Kwa maisha ni hivi: mtu akikutuhumu, usimtukane, omba upimwe. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kuhukumu, pima kwanza, na ukikosea sema umekosea mbele ya wale wale waliokusikia ukikosea.

Mungu akulinde na mchanga wa makorongo na vumbi la njiani. Akupe macho ya kuona mbali na mguu mwepesi wa breki, na kila nyumba unayoiaga asubuhi ikupokee jioni. Haya, sogea. Funguo zako uliziacha jikoni jana, kama kawaida yako. Kigoda cha Mzee Elia bado kipo, lakini mimi siziweki juu yake. Lete mkono wako, dereva wangu.