Jinzi ya Seigo Haijaoga

Sumie Nanba si mtu wa maneno mengi. Anayapunguza maneno kama anavyopunguza suruali za watu. Kibanda chake cha kukunga mapindo kinapakana na duka langu la wali wa pweza, hapa Kojima, mji wetu wa jinzi, na ukuta uliopo kati yetu ni wa mbao nyembamba. Kwa hiyo mambo yake nayasikia hata nisipotaka, na mara nyingi nataka.

Maisha yake ameyapitisha kwenye cherehani. Alianza na sare za wanafunzi, kama sisi sote wa rika lake, kisha jinzi zikaja akahamia huko na hakurudi nyuma. Hakuolewa. Wanaume walikuja, akawapima, akaona hawatoshi. Hayo nasema mimi, yeye hasemi kitu.

Ukimletea jinzi mbichi, ile iliyoshonwa kwa kitambaa cha moja kwa moja kutoka mtamboni, wanga wake bado umo na inasimama yenyewe kama ubao, atakuuliza swali moja hata kabla hujaketi: "Kuoga tayari?" Maana yake, umeshailoweka kwenye maji ya moto ikanywea mpaka ikamaliza kunywea? Kama bado, anakurudishia. Hapindi jinzi ambayo haijaoga, hata umlilie.

Vijana wanaotoka Tokyo humbishia. Naye huwapa darasa lile lile, huku anatunga uzi.

"Mwanangu, umewahi kupigwa picha ya shule? Simama wima, kifua mbele, usipumue. Ndivyo uzi unavyokaa kwenye mtambo, umevutwa kutwa nzima. Wanga ndio unaoushikilia usilegee. Ukiutia maji, wanga unayeyuka, na uzi unashusha pumzi."

"Kwani ukishusha pumzi suruali inapungua?"

"Uzi wa pamba ukinywa maji unanenepa. Mwenzake anayempita juu na chini sasa anazunguka mtu mnene, kwa hiyo urefu unaliwa. Na waliovutwa zaidi ni wale wa kwenda chini, ndiyo maana miguu inapungua kuliko kiuno. Nenda kaiogeshe, urudi."

Basi. Sasa mje kwa Seigo Mimura.

Seigo ni fundi wa mitambo ya kufuma, mgane, mfupi, anayenuka mafuta ya mashine na anayesalimia watu kwa kuinama kupita kiasi. Kiwanda chake kilipoamua kuuzima mtambo wa zamani aliouhudumia tangu ujanani, walimruhusu afume kipande cha mwisho kwa mkono wake. Kikatosha suruali moja tu. Na binti yake, Honoka, alikuwa anaolewa Jumapili. Binti alishatoa amri: "Baba, ukija na koti la kukodi sitakujua. Vaa kitambaa chako." Mzee mzima alitembea mtaani wiki nzima anatabasamu peke yake.

Akaileta ile jinzi kwa Sumie ipunguzwe miguu, maana kwa Seigo kila suruali ni ndefu. Nikasikia swali kupitia ukutani.

"Kuoga tayari?"

Kisha Seigo akajibu kwa sauti laini ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Tayari. Ahsante."

Sumie, anayeijua jinzi mbichi kwa harufu tu, siku ile hakunusa. Akapima, akakata, akapinda. Nilichungulia nikamwona amepaka rangi ya mdomo. Nikajisemea, ala, kumbe. Shoga yangu amempima mtu na safari hii ametosha.

Alhamisi Bibi Tsuneyo, mama yake Seigo, akaiona suruali imetundikwa. Ngumu, inanuka wanga. Mwanawe ataendaje harusini na ubao? Huku kwetu maji ya bafu hayamwagwi. Familia nzima ikishaoga kwa zamu, yanayobaki ni ya kufulia. Bibi akaitosa humo, maji yakiwa bado ya kumchubua mtu, akaifunika na mfuniko wa bafu, akaenda kuangalia mieleka kwenye televisheni.

Ijumaa asubuhi Seigo alikuja mbio amekumbatia furushi. Nilimfuata ndani bila kukaribishwa. Akaivaa nyuma ya pazia, akatoka. Miguu ilikuwa imepanda juu ya vifundo hadi soksi zote ziko nje, na mshono wa pembeni umejipinda ukaja mbele kama unataka kuona kinachoendelea. Kiunoni kifungo hakifiki. Nilicheka, sitaficha. Kisha nikamwona uso, nikanyamaza.

"Ndicho kitambaa cha mwisho," akasema. "Mtambo umeshafunguliwa vipande vipande. Nitamwambia nini Honoka?"

Sumie alikuwa amegeuka rangi. Miaka yote hiyo, na hajawahi kuharibu.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kuoga tayari, ukasema tayari."

"Nilidhani unaniuliza mimi."

Kwa lugha ya huku husemi nani kaoga. Unasema tu kuoga, mwenzio ajijue.

"Wewe? Mimi nikuulize wewe umeoga ili iweje, Bwana Seigo? Mimi ni mama yako?"

Seigo akatazama soksi zake. "Marehemu mke wangu alikuwa ananiuliza hivyo hivyo kila jioni. Chakula kwanza, au kuoga tayari? Tangu afariki hakuna mtu aliyeniuliza. Nikafurahi, nikajibu tu. Samahani, Dada Sumie."

Sumie alijifanya anatafuta mkasi ambao alikuwa ameushika.

"Na mimi sikunusa," akasema hatimaye. "Kazi yangu kunusa, na sikunusa. Kitambaa kina masikio mawili, wewe mawili, mimi mawili, na hakuna aliyesikia." Masikio ndiyo tunavyoita kingo za kitambaa cha mtambo wa zamani, zile nyeupe zenye uzi mwekundu. "Yaliyopita si ndwele. Vua."

"Hapa?"

"Nyuma ya pazia, mwanamume wewe."

Akafungua mkebe wa biskuti. Sumie hatupi kipande cha mtu. Vile viwili alivyokata miguuni vilikuwemo, vimefungwa pamoja, na kwa sababu Seigo ni mfupi vilikuwa virefu vya kutosha. Lakini vilikuwa vibichi. Ukiviunga hivyo hivyo, mvua ya kwanza vitanywea peke yao, na suruali itakunja midomo kama mtoto aliyenyimwa. Kwa hiyo tukabeba mkebe, sote watatu, hadi kwa Bibi Tsuneyo, tukawasha bafu asubuhi kweupe.

"Mnamuogesha nani?" Bibi akauliza.

"Masikio, mama," Seigo akasema.

"Yako yanahitaji."

Vilipomaliza kunywea na kukauka, Sumie aliviunga miguuni, akakunja pindo kwa nje ili mshono ujifiche na masikio yenye uzi mwekundu yaonekane. Kiuno nacho kilikuwa na dawa yake: aliilowesha tena suruali na kumwamuru Seigo aivae ikiwa na maji, avute pumzi, afunge, atembee, akae, ale, mpaka imkaukie mwilini. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alikula bakuli mbili za wali wa pweza dukani kwangu bila kuthubutu kucheka, na kiti changu kina chapa ya makalio ya nili ya jinzi mpaka leo. Nimekataa kukifuta.

Jumapili Honoka alimwona baba yake mlangoni, akaziangalia zile kingo nyeupe miguuni, akapiga magoti na nguo yake yote ya harusi akazigusa kwa kidole. "Baba, umeonyesha masikio," akasema, akalia, na Seigo akalia, na Sumie, aliyekaa mstari wa nyuma kama fundi aliyekuja kuangalia kazi, akapenga kamasi watu wote wakageuka.

Jumatatu jioni Seigo akaja kibandani mikono mitupu. Nilizima jiko ili nisikie vizuri.

"Umeleta nini?" Sumie akauliza.

"Sikuleta kitu. Niulize tena lile swali."

"Nikuulize wewe, au jinzi?"

"Mimi."

Nikabandika sikio, nikadhani ukuta umenenepa. Kisha nikamsikia, polepole: "Kuoga tayari?"

"Bado," akasema Seigo.

Siku hizi wateja wanaulizwa kwa kirefu: hii suruali umeshailoweka kwenye maji ya moto? Wanadhani Sumie amezeeka, amekuwa na maneno mengi. Lile swali fupi nalisikia jioni tu, mlango wa nyuma ukifunguliwa, na anayelijibu ni mmoja.