Kiti Alichokiweka Papa Anselme

Sikuhadithiwa na mtu. Niliona mwenyewe, saa kumi ya mchana, jua linawaka na tumbo langu limeshiba maharage. Nasema hivyo kwa sababu nawajua. Mkisikia habari ya mtu wa namna ile, mnauliza kwanza kama msimulizi alikuwa amelewa au ana malaria. Pombe sinywi, na malaria sikuwa nayo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, napiga kinanda parokiani hapa Goma, na wanaonijua watawaambia nina mdomo mkali lakini si mwongo. Uongo mkubwa nimesema mmoja tu maishani, na mtausikia humu humu.

Mwaka ule vita vilitusukumia watu mpaka tukakosa pa kuwaweka. Walitoka Masisi, walitoka Rutshuru, kila mmoja na godoro kichwani, wakajaa makanisani na mashuleni. Katikati ya taabu hiyo padri ananiambia kuna walimu wa opera wanakuja. Opera! Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Kwa asiyejua, opera ni mchezo ambao watu wake hawasemi, wanaimba tu. Hata anayekufa anakufa akiimba, bila mikro ya kukuza sauti, na sauti yake lazima imfikie aliyekaa mwisho kabisa.

Walimu walikuwa wawili. Mmoja tulimwita Madame, bibi wa Kizungu aliyeimba jukwaani maisha yake yote. Wa pili ni Papa Anselme, mtoto wa Bukavu kabisa, lakini alikuwa ameishi Ulaya miaka thelathini akiongoza michezo hiyo. Walichagua vijana wanane wa kwaya, wakakaa nao wiki mbili katika ukumbi wetu wa Ndosho, mimi kwenye kinanda. Namna yao ya kufundisha ni hii: mmoja anasimama mbele anaimba, wenzake wanatazama, na mwalimu anamkatiza kila anapofungua kinywa. Pumua chini. Legeza taya. Rudia. Kukosolewa vile mbele ya watu si jambo dogo kwetu, na siku ya kwanza vijana wawili walilia. Siku ya tatu walikuwa wanagombania nafasi ya kusimama.

Kati yao kulikuwa na binti mmoja, Kavira, miaka kumi na tisa. Haki ya Mungu, mtoto yule akiimba vioo vya dirisha vilikuwa vinaitika. Madame alimsikiliza mara moja tu, akavua miwani, akafuta macho. Akasema kuna nafasi moja katika shule ya muziki Kinshasa, ni ya huyu, na jibu linatakiwa kabla ya mafunzo kwisha. Sisi wote tukashangilia. Kavira akatikisa kichwa.

"Siwezi kutoka Goma," akaniambia tulipobaki wawili. "Yaya akirudi atatukuta wapi?"

Yaya ni kaka yake mkubwa, Kasereka. Siku walipokimbia kijijini walikuwa watatu, yeye, kaka na mama yao, kwani baba alikufa zamani. Njiani wakaiacha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ikiwa na godoro na mashuka yao yote. Kasereka akasema anairudia. Mama akamshika shati, shati la njano la kwaya. Kijana akajivuta, mkono wa shati ukakatika, mama akabaki nao mkononi. Hawakumwona tena. Miaka miwili na zaidi, hakuna simu, hakuna habari, hakuna kaburi. Ukoo ukamwambia mama aketi matanga, amlilie mtoto wake mambo yaishe. Akawafukuza. Kila jioni, katika nyumba yao ya mbao pale pale Ndosho, aliweka sahani ya tatu mezani, bugali na sambaza kidogo, vile visamaki vya ziwani. Watu waliendelea kumwita Mama Kasereka, na yeye aliitika.

Basi, Alhamisi ya wiki ya pili Madame aliamka tumbo linamuuma, Papa Anselme akafundisha peke yake. Akachukua kiti kimoja cha plastiki, akakiweka mbele, hatua mbili kutoka kwenye kinanda changu. Akamsimamisha Kavira akikitazama. Wenzake walikaa nyuma yake, karibu na mlango, na mlango ni huo mmoja tu. Akasema mwimbaji lazima ajue anamwimbia nani. "Fumba macho. Fikiria mutu unayemukosa sana. Umuite kwa jina, umukaribishe kwenye kiti hiki, kisha umuimbie."

Mikono yangu ilitoka kwenye kinanda yenyewe. Jamani, hapa Goma nani hana mtu wake ambaye hajui alipoangukia? Huko Ulaya labda unamwita mtu haji, ni mchezo tu. Hapa kwetu unamwita kwa jina, unampa na kiti?

"Papa Anselme," nikasema, "hiyo achana nayo."

"Mama, ni mazoezi tu," akanijibu, na akanionyesha kwa kidole nianze kupiga.

Nikaanza. Najilaumu mpaka leo, lakini nikaanza. Kavira akafumba macho, akasema polepole, "Yaya Kasereka, karibu ukae." Kisha akaimba.

Wimbo ulikuwa wa Kiitalia, wa mwanamke anayemngoja mtu. Hatujafika nusu, umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza chini ya vidole vyangu. Kavira hakusimama, aliendelea peke yake. Hapo ndipo nikasikia sauti ya pili. Sauti ya kiume, nzito, ya chini, inamfuata bila maneno, kama mtu anavyoguna akiwa anaosha vyombo. Nikafikiri ni Papa Anselme. Nikamtazama, mdomo wake umefungwa. Nikageuza macho kwenye kiti.

Pale pamekaa kijana. Mikono juu ya magoti, miguu ina matope mabichi, na huo ni mwezi wa saba, hatujaona mvua wiki nyingi. Shati la njano. Upande wa kushoto halina mkono.

Mtaniuliza kama niliogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini si ile hofu ya kupiga kelele. Kijana alikuwa mtulivu, anamtazama dada yake vile kaka anavyomtazama dada siku ya komunyo ya kwanza. Wengine wote macho yao yalikuwa kwa Kavira, kama hawaoni kitu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, umuambie aende," akasema.

Kavira alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote, hakuna ambaye angesikia. Nikanong'ona, "Muambie wewe mwenyewe, si uko hapa?"

"Akiniona atabakia. Kama mama."

Sikuelewa alichosema. Nikamwuliza alikuwa wapi muda wote huo. Akatazama miguu yake.

"Sikufika hata kwenye chukudu," akasema.

Wimbo ukaisha. Kavira akafumbua macho, vijana wakapiga makofi, na kiti kilikuwa kitupu. Mlangoni hakupita mtu, ningemwona. Papa Anselme akawageukia vijana akiwaka: nani alikuwa anaimba bezi huko nyuma? Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameimba. Mimi nikafunika kinanda, nikasema kichwa kinaniuma, nikaondoka kwa miguu mpaka nyumbani Katoyi, sikukumbuka hata kupanda moto, zile pikipiki za abiria.

Usiku nilisali rozari nzima na usingizi haukuja. Nimwambie nini mtoto yule? Kwamba kaka yake amekufa, nimemwona, amenituma? Angeanguka pale pale. Na mama yake je? Na nisiposema kitu, nafasi inapotea, atabaki Ndosho akimngoja mtu asiyekuja mpaka naye azeeke. Asubuhi nikapiga moyo konde. Nikamshika Kavira mkono, nikamwambia nimepata habari njema kwa mtu anayefanya biashara Uganda. Kwamba amemwona Kasereka kwa macho yake, yuko mzima, ana kazi, hana njia ya kurudi kwa sababu ya vita, na kwamba amesema, "Muambie dada yangu aende kusoma."

Alipiga magoti ukumbini, akalia, akacheka, akanibusu mikono. Baada ya wiki tatu alipanda ndege. Uongo wenyewe ndio huo.

Ukapita mwaka na nusu. Kila aliponipigia simu Kavira aliuliza swali moja, yule mfanyabiashara wa Uganda amesema nini tena? Nami nikaongeza uongo juu ya uongo. Amehama mji, amebadilisha namba. Siku moja akaniambia, "Mama, nakuja likizo. Nikifika Goma ninavuka mpaka kwenda kumutafuta. Nimejipanga." Msichana peke yake, njia zile, vita bado viko, akimtafuta mtu ambaye mimi najua hayupo! Maji yakanifika shingoni.

Jioni ile ile nikaenda kwa Mama Kasereka. Nilimkuta anapakua. Sahani yake, na ile nyingine mbele ya kiti cha mbao kisicho na mtu. Nikakaa pembeni, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Nikamwambia, "Mama Kasereka, unisamehe. Nilimuona mutoto wako."

Hakushtuka. Aliendelea kupakua. Akaniuliza, "Na ile shati?"

"Ndiyo. Bila mukono."

"Wewe ulimuona mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Basi mara moja tu ndiyo unalia hivyo?" akasema, na akavuta ile sahani ikae sawa. "Kwangu anakuja kila jioni. Anakaa hapo, hakuli, ananitazama. Kavira alikuwa haoni, na sikumuambia. Unafikiri nilikataa matanga kwa sababu sijui? Nilijua kuliko ninyi wote. Tukimulilia, ataenda zake. Na mimi nitakula na nani?"

Yesu Maria! Mama yule tulimhurumia miaka yote tukidhani anajidanganya, kumbe sisi ndio tulikuwa hatujui kitu.

Nikamweleza safari ya Kavira. Alikitazama kile kiti, na mimi nikakitazama, sikuona mtu, lakini yeye alikuwa anamtazama mtu. Mwishowe akainuka, akafungua sanduku, akatoa kile kipande cha nguo ya njano kilichokunjwa vizuri. Akasema, bila machozi, "Muite padri. Na Kavira akifika, tutaketi matanga."

Tuliketi siku tatu. Mwili haukuwapo, tukazika mkono wa shati katika kaburi dogo lililochimbwa kwenye mawe yetu meusi ya volkano. Kavira aliimba, na safari hii nilitega sikio mpaka mwisho. Hapakuwa na sauti ya chini. Ukweli nilimwambia mwenyewe, siku moja kabla, mbele ya mama yake. Alinisikiliza, hakunitukana. Amerudi Kinshasa, anaendelea na shule, na watu wanasema ataimba mbali. Ila zamani aliniita Mama. Sasa akipiga simu kwa mama yake na kunikuta pale, ananiambia, "Bonjour, madame," na anaomba apewe mama yake. Inaniuma kuliko nilivyodhani.

Na Mama Kasereka? Jioni ya kwanza baada ya matanga aliweka sahani kama kawaida. Akangoja mpaka bugali ukakauka. Hakuja mtu. Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa yake. Siku ya nne nilipitia pale nikamkuta anaitazama ile sahani, nikashindwa kuvumilia, nikavuta kile kiti, nikakaa, nikanawa, nikala. Hakunikataza. Alisogeza sambaza upande wangu.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja kufundisha watoto wetu kuimba, karibuni, tuna sauti za kutosha. Fundisheni kupumua, fundisheni taya na Kiitalia chenu. Lakini msiweke kiti kitupu mbele ya mtu wa huku na kumwambia aite jina. Ikiwa lazima mkiweke, wekeni mkoba juu yake, kama ninavyofanya mimi kanisani kila Jumapili. Anayeitwa anaweza kuitika, na atakayelipa si ninyi, ninyi mtakuwa mmekwisha panda ndege.

Sasa niacheni niende. Saa kumi na mbili imekaribia, na Mama Kasereka hapendi nichelewe. Atakuwa ameshapakua sahani mbili.