Swali la Justina: Fundi bati wa Dongobesh anayejifunza kumjibu mwanawe

Saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya mahindi yanayoizunguka Dongobesh, na Yoakimu Sulle ameshakunja pembe tatu za tranka. Anapiga nyundo, anageuza bati, anapiga tena. Mteja aliyefuata ndoo yake inambidi apaze sauti.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba," anajibu bila kuacha kazi.

Ni mwaka wa ishirini na mbili sasa tangu fundi huyu mwenye umri wa miaka 49 aanze kuitunza familia yake kwa kutengeneza ndoo, makarai na matranka ya wanafunzi wa bweni. Yeye na mkewe, Marieta, wana watoto wanne. Anapoulizwa kuhusu malezi, anaweka nyundo chini.

"Mimi nilijiona baba mzuri," anasema. "Watoto wanakula, wanakwenda shule, Jumapili wote tuko kanisani. Nilikuwa sijui kwamba kuna mmoja simfahamu kabisa."

Huyo ni Justina, mtoto wa tatu, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja.

Akiwa na miaka mitatu aliugua homa kali. Alipona, lakini maneno aliyokuwa ameanza kutamka yakapungua mpaka yakaisha. Akiitwa haitiki. Akitumwa hasogei. Nyumbani wakasema ana kiburi.

"Baba yake alisema nimemdekeza," anakumbuka Marieta. "Na mimi nikaamini."

Siku moja, Justina akiwa na miaka sita, ndama waliingia kwenye shamba la jirani naye amesimama karibu nao. Yoakimu alimwita mara tatu. Hakugeuka. Akamfuata na fimbo.

"Hakukimbia," anasema. "Kila nikimpiga alikuwa ananitazama mdomoni. Nikadhani ananidharau, nikaongeza. Kumbe alikuwa anatafuta nimesema nini."

Mwaka uliofuata Justina alianza darasa la kwanza. Haikupita hata mwezi, mwalimu wake, Brightness, alifika kwenye kibanda cha fundi na kumkuta mtoto amekaa chini akichezea vipande vya waya, amempa baba yake mgongo.

"Nilimwomba fundi apige bati kwa nguvu nyuma yake," anasimulia mwalimu huyo. "Watu wa duka la jirani walitoka nje kuangalia kuna nini. Mtoto hakushtuka."

Yoakimu alipiga tena. Mara ya tatu nyundo ilimtoka mkononi.

"Alikuwa anakaa hapo kila siku, na kelele zote hizi," anasema. "Sikuwahi kujiuliza."

Vipimo vilionyesha kuwa Justina hasikii kwa masikio yote mawili. Daktari aliwaeleza kwamba huenda hali hiyo ilisababishwa na ile homa. Iliwachukua miaka miwili kupata nafasi ya bweni katika shule yenye kitengo cha wanafunzi viziwi, nje ya wilaya yao. Siku ya kumpeleka, hawakuwa na njia ya kumwambia kwamba watarudi kumchukua.

"Alidhani tunamtupa," anasema Marieta. "Alining'ang'ania gauni mpaka mshono ukaachia."

Likizo ya kwanza alirudi akizungumza kwa mikono. Dada yake mkubwa, Evaline, alizishika alama hizo haraka. Baba yao alichelewa. Vidole vyake vimekakamaa kwa kazi, na hujifunza kwa video fupi anazotumiwa na matroni wa shule, akizitazama mchana kabla ya kula.

Desemba iliyopita alimketisha Justina mbele yake, akamwambia kwa alama: samahani. Mtoto alimtazama, kisha akauliza kwa mikono: Kwa nini ulikuwa unanipiga?

"Swali nililielewa," anasema Yoakimu. "Jibu ndilo sikuwa nalo mikononi. Niliweza kusema 'sikujua' tu. Akainuka, akaenda kwa mama yake."

Evaline alijitolea kutafsiri. Baba yake alikataa.

Justina anarudi likizo mwezi wa sita. Yoakimu anasema hategemei asamehewe haraka, na wala hatamharakisha mtoto.

"Nataka nimjibu mwenyewe," anasema, akionyesha daftari alimochora mikono yenye alama za kila neno analolihitaji. "Ni maneno mengi. Nimefika kama nusu."