Siku Ndege Ilipowakuta Ng'ombe Uwanjani

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kukanyaga nyasi zenye umande kabla jua halijachomoza, basi nusu ya harufu ninayotaka kukueleza unaijua tayari. Nusu ya pili ni udongo mweusi uliofukuliwa na fuko, udongo baridi, wenye harufu ya mizizi na mvua ya juzi. Kila asubuhi nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nikikanyaga udongo huo kwa visigino, kilima kimoja baada ya kingine, mpaka ardhi ilale sawa. Ilikuwa kazi yangu. Kijiji chetu kilikuwa juu kabisa katika milima ya mashariki ya Kongo, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi na mtoto hulala ubavuni mwa ndama ili apate joto. Kutoka hapo mpaka kwenye barabara ya gari ilikuwa mwendo wa siku tatu kwa miguu, na mgonjwa alishushwa kwa machela, wanaume wanne mbele na wanne nyuma, wakipokezana mabega. Wengine walifika hospitali. Wengine walirudishwa njiani, machela ikiwa imefunikwa shuka.

Ndiyo maana wazee waliamua kuchonga uwanja wa ndege. Nikueleze ulivyochongwa, maana watu wa mjini hudhani uwanja wa ndege huletwa na serikali. Tuliutengeneza kwa majembe, viangazi viwili, kwenye mgongo pekee wa mlima uliokuwa umenyooka. Kila nyumba ilipewa kipande chake, na mpaka kati ya kipande na kipande ulikuwa jiwe lililopakwa chokaa. Kulima peke yake hakukutosha. Nyasi huota, na fuko hafahamu habari za ndege. Gurudumu dogo likizama kwenye shimo lake, ndege hupinduka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema, na kazi ya kuziba wakatuachia watoto. Aliyesimamia yote alikuwa Mzee Rubeni, jirani yetu, mtu wa sauti kubwa na ng'ombe wengi, ambaye hakuwahi kuiona ndege ikiwa chini.

Mwanzoni mwa mvua, mama yangu aliteleza akitoka kisimani na mfupa wa paja ukavunjika. Mganga wa zahanati aliufunga kwa vijiti, kisha akazungumza na mjini kwa fonia, yaani ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Jibu likaja kwamba rubani atajaribu uwanja wetu kwa mara ya kwanza, siku ya Alhamisi, kumchukua mama. Kijiji kizima hakikulala vizuri wiki hiyo. Mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii mwenyeji alikuwa mama yangu, amelala akiuma kona ya khanga.

Sasa, kwetu mgeni mkubwa hapokelewi na nyasi tupu. Hupokelewa na ng'ombe. Unawatoa walio wazuri kuliko wote, unawaosha, unawapaka siagi kwenye pembe, unawasimamisha mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuwaona. Alhamisi asubuhi Mzee Rubeni alipita nyumba kwa nyumba akipaza sauti: "Toeni ng'ombe! Mnataka mtu ashuke kutoka mbinguni akute panya?" Nami nikamtoa ng'ombe wetu mmoja, Kahawia, nikamshika kamba katikati ya uwanja, nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Mama alikuwa pembeni, juu ya machela. Ng'ombe hawakupungua arobaini, pembe ziking'aa, na uzuri kama ule sijauona tena.

Ndege ilitokea kwenye ukungu ikiwa ndogo kama panzi. Ikashuka, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikapanda. "Ametusalimu!" akapiga kelele Mzee Rubeni, na akina mama wakaanza kuimba. Ikazunguka, ikarudi chini zaidi, ikapanda tena. "Salamu ya pili! Huyu amelelewa!" Nilipungia mkono mpaka bega likauma. Nilipogeuka kumtazama mama nikaona midomo yake inasema kitu, lakini nyimbo zilikuwa nyingi. Nilikimbia kwake nikiburuta kamba ya Kahawia. "Ondoeni ng'ombe," alikuwa akisema. "Mwanangu, waambie waondoe ng'ombe." Nilipoinua macho, ndege ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ukungu upande wa ziwa.

Jioni fonia ilitueleza: uwanja una wanyama, rubani hatajaribu tena mpaka atakapohakikishiwa kwamba unatunzwa. Kesho yake wanaume wanane walimbeba mama kushuka bondeni. Alinipa jambo moja tu la kufanya. "Linda kipande chetu," akasema. Nilikichukua kama ahadi: nikikitunza, ndege itamrudisha.

Mvua ile ilikuwa ndefu. Nilibaki na bibi yangu, ambaye tulimwita Koko, na Koko hakuwa mtu wa maneno. Watu walikata tamaa na uwanja. Jiwe kwa jiwe, vipande vikaota nyasi. Nilimaliza chetu asubuhi, nikavuka jiwe nikakanyaga cha pili, kisha cha tatu. Watoto wenzangu walipita na ndoo za maziwa wakinicheka: "Binti wa rubani! Ndege yako imeota manyoya?" Nilijifanya sisikii. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nilikuwa na visigino viwili dhidi ya fuko wa mlima mzima. Habari za mama zilikuja mara mbili kwa fonia, na zote zilikuwa neno lilelile: anaendelea. Usiniulize mtoto wa miaka tisa anafanya nini na neno hilo. Nilikuwa nikilitafuna njia nzima.

Siku moja nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja, uso juu, nikisikiliza. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga jiwe la mpaka.

"Unatazama wapi, wewe? Mimi natoka bondeni."

Alikuwa mama, amepanda siku sita, kwa mguu mmoja mzima na fimbo mbili. Alinuka dawa na moshi wa watu wengine. Alinishika kichwa muda mrefu, kisha akatazama uwanja, akaona vipande nilivyovisafisha, na baada yake kile kilichokuwa kibaya kuliko vyote.

"Kile cha nani?"

"Cha Mzee Rubeni. Hatoki siku hizi. Hata kanisani haji."

Nilidhani angefurahi kusikia kwamba aliyemkosesha ndege amejificha. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda mlangoni kwa Rubeni, fimbo kwa fimbo, nami nyuma. "Hodi, Mzee," akasema. "Ng'ombe wako walipendeza siku ile. Kesho njoo tukanyage fuko." Ndani nikasikia mtu mzima analia, na mama akaketi kizingitini akamngoja amalize.

Ndege ilitua kiangazi kilichofuata, ng'ombe wote wakiwa wamefungwa ng'ambo ya kijito. Sitakudanganya kwamba tuligeuka kuwa mji. Lakini dawa zilifika, mabati ya shule yalifika, na jibini yetu ikashuka kuuzwa. Tulipata hayo kwa sababu kila asubuhi kulikuwa na mtu kwenye kila kipande, mpaka vita vilipotuondoa.

Leo naishi Saint Paul, huku Marekani. Juu ya paa letu ndege hupita kila baada ya dakika chache, na hakuna anayeinua uso. Asubuhi naenda mji wa jirani, Eagan, kuwahudumia wazee, jioni narudi, na kati ya hapo naweza kukaa siku nzima bila mtu kuniita kwa jina langu. Mama alibaki kaburini, katika kambi ya wakimbizi. Miaka miwili nilipita mbele ya mlango wa jirani bila kujua ni wa nani. Nilikuwa na uchovu, nilikuwa na haya. Kisha msimu wa baridi uliopita theluji ilianguka usiku kucha, na hapa, kama kwetu, kila nyumba husafisha kipande cha njia kilicho mbele yake. Nilimaliza changu. Cha jirani kilikuwa hakijaguswa tangu theluji ya juzi. Nikasimama pale na koleo, nikasikia fimbo ya mama kwenye jiwe.

Nikavuka, nikasafisha, nikagonga. Akafungua bibi mfupi aliyejifunga blanketi, Mama Marta, mzaliwa wa milima ya Papua, huko Indonesia. Kwao pia mwanamke mzima huitwa Mama. Kwao pia hakuna barabara, na ndege ndogo hutua kwenye nyasi zilizokatwa na wanakijiji. Nilipomsimulia kuhusu Kahawia alicheka mpaka akashika mlango. "Kwetu walikuwa nguruwe!" akasema. Alikuwa hajazungumza na mtu, aliniambia, kwa siku tisa.

Kwa hiyo theluji ikianguka, chukua koleo. Safisha kipande chako, vuka mpaka, safisha na cha jirani mpaka mlangoni. Ukifika hapo usigeuke. Gonga.